Msamaha Mmoja wa Bibi Tusekile

Haya, mwenye masikio akae, mwenye haraka aende zake. Kisa hiki mimi kimenishinda, na aliyeshindwa haoni aibu kuuliza.

Tukuyu, nyuma ya ghala la viazi, kuna gereji ambayo nimeiuzia chai miaka tisa. Walikuwapo mafundi watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Mzee Gwamaka alijua springi: akigonga kwa nyundo, mlio tu ulimwambia kama imechoka au bado ina nguvu. Lusajo alijua usukani: ukimpa gari linalovuta kushoto, kabla hujamaliza chai keshajua kwa nini. Sekela, mwanamke pekee pale, alijua tairi: alifunga kamba kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akakwambia imekengeuka kiasi gani. Hakukosea.

Walikuwa na sheria yao. Fundi akimaliza sehemu yake, anachora tiki ya chaki kwenye kioo cha mbele, na tiki ya mwenzio haiulizwi. Tiki tatu, gari linatoka. Wao waliiita heshima. Mimi leo naiita jina lingine, ila hapa kuna watoto.

Akaja Ambokile na pikapu yake. Huyu ni mtoto wa pekee wa Bibi Tusekile, mjane wa huko juu mlimani. "Niinulieni hili gari," akasema. "Barabara ya kwetu ni makorongo matupu, tumbo linakwama. Viazi vya mama vinaniozea."

Mzee Gwamaka akaongeza springi, akaliinua inchi nne. Kazi safi, hata mimi nilimsifu. Lakini gari lilipopanda, fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda kugeuza tairi, ambayo hulala karibu sawa na ardhi, ikainama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Mzee aliiona. Akasema moyoni, "Usukani ni wa Lusajo." Akachora tiki.

Lusajo aliiona pia. Yeye alijua kabisa kwamba fimbo ikiinama vile, gari likidumbukia shimoni na springi zikabonyea, fimbo itasukuma tairi pembeni hata kama dereva hajageuza kitu. Dawa ilikuwa kupunguza kimo. Ila Gwamaka ndiye aliyemfundisha kushika spana. "Nimwambie mwalimu wangu kapandisha mno?" Akairefusha fimbo kidogo mpaka usukani ukakaa katikati, akachora tiki.

Sekela akafunga kamba yake. Uani ni tambarare, kwa hiyo tairi zilikuwa zimenyooka kabisa. Akalipitisha juu ya gogo kulijaribu, gari likamponyoka kidogo kwenda pembeni. Akarudi anacheka: "Jamani, gari lenu lina akili zake hili!" Lusajo akamjibu, "Dada, wewe gari refu linakutisha tu." Tukacheka wote. Na mimi nilicheka, birika mkononi, Mungu anisamehe. Sekela akachora tiki ya tatu.

Wiki ya pili Ambokile alikuwa anashusha viazi kutoka mlimani, na pembeni yake kakaa mama mmoja jirani aliyeomba lifti. Kabla ya daraja pana shimo, gari likadumbukia. Mama yule alitoka na mkono uliovunjika, na ameapa mbele ya msiba mzima: "Mikono yake haikutikisika! Usukani hakuugeuza. Gari lilijiendea lenyewe." Likaenda korongoni. Ambokile hakutoka.

Basi mafundi wakaanza kurushiana kosa. "Nani aliniambia?" Mzee Gwamaka akafoka. "Ningeshusha siku ileile!"

"Nani alipandisha?" Lusajo akajibu.

"Mimi nilisema," Sekela akadakia.

"Ulisema au ulitania?" Lusajo akamuuliza.



Wakaenda msibani hawajapatana, wakapiga magoti pamoja. "Tumekosa, mama."

Bibi Tusekile alikuwa kwenye mkeka, chakula hakijapita kinywani siku ya tatu. Akawatazama mmoja mmoja. "Tumekosa ndiyo nani? Mwanangu alikuwa mmoja, na alikuwa na jina. Ninyi mnaniletea kundi? Mzigo ukibebwa na watatu hakuna anayesikia uzito. Nendeni. Sianui matanga mpaka aje mtu mmoja aseme kwa kinywa chake, 'Ni mimi niliyemuua Ambokile.' Huyo nitamsamehe. Atalima shamba la mwanangu, na siku yangu ikifika atanizika. Msamaha ninao mmoja. Wa watatu sina."

Lo! Hapo ndipo nilipowajua binadamu. Watu waliolikimbia kosa, sasa wakaanza kulinyang'anyana.

"Nitakwenda mimi," Mzee Gwamaka akasema. "Mimi ndiye niliyeinua, na siku zangu zimebaki chache. Nisife nalo hili."

"Mzee, wewe uliona tu," Lusajo akamwambia. "Mimi nilijua. Nilijua, nikaogopa kukuudhi. Wewe utakufa ulale, mimi nitaishi nalo miaka arobaini."

Sekela alikuwa analia bila kujificha. "Gari lilinigeukia kwenye mikono yangu hii. Na baada yangu hakuwepo mwingine wa kulizuia. Ninyi kila mmoja alikuwa na wa kumwachia. Mimi nilimwachia nani?"

Mpaka leo hakuna aliyekwenda. Anayesimama, wenzake wawili wanamshika shati: ukisamehewa wewe, sisi tutakwenda kwa nani?

Asubuhi hii nilimpelekea bibi uji. Vijiko viwili tu, akasukuma bakuli. Amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Akaniuliza, "Bado hajaja?" Nikamwambia bado, bibi. Akasema, "Waambie wafanye upesi. Nimechoka kuwachukia."

Sasa ninyi mliokaa hapa, msiniambie waende wote, hilo amelikataa. Msiniambie bibi ana roho ngumu, maana mtoto si wenu. Akiingia mmoja, wawili hawatasamehewa kamwe. Asiingie mtu, mama wa watu atafia kwenye mkeka ule. Aliyeinua, aliyejua, au aliyehisi: wewe ungemwachia shati nani aende?