Kitovu Kilichozikwa Kwenye Nyota Nyekundu

Paukwa!

Pakawa!

Nyota ni za nani?

Za aliyezitundika!

Na mkono mrefu?

Hukatikia dirishani!

Basi sogeeni. Mwoga ashike nguo ya mwenzake. Hii ninayo mimi tu. Wengine mtakaowasikia wakijidai wanaijua, wameipata kwangu, tena nusu.

Hapo kale palikuwa na mji uitwao Mwamboni, na mtawala wake alikuwa Jumbe Shomari. Mdomo wake mtamu, mkono wake haushibi. Alikata msitu, ukaisha. Alichimba visima, vikatoa chumvi. Alilima mabonde, yakabaki mawe. Nchi ilipochakaa, hakuona haya. Aliinua macho juu.

"Watu wangu," akasema, "mnaiona ile nyota nyekundu? Nchi ile haina mtu. Twende tukaitengeneze, tukae."

Pale barazani alikuwapo mkunga, Bi Mize. Kila mtoto wa Mwamboni alipita mikononi mwake, hata Jumbe mwenyewe. Alimjua tangu hajavaa nguo.

"Jumbe, umeuliza?"

"Nimuulize nani, Bi Mize? Umeona moshi ukifuka kule?"

"Hata kwa jirani aliyelala njaa moshi haufuki, baba. Lakini nyumba ina mwenyewe."

Watu wakacheka. Jumbe hakucheka.

Bi Mize hakutaka kwenda. Lakini binti yake wa pekee, Mashavu, alikuwa mjamzito, na mume wa Mashavu ndiye aliyekuwa msusi wa nyungo. Jumbe alimwamuru asuke ungo wa safari. Mkunga amwache mjukuu wake azaliwe bila mkono wake? Haiwezekani. Akafunga kanga zake mbili, akapanda.

Nyungo wanazorukia wachawi hubeba watu wawili, wakizidi watatu. Ule ulibeba watu mia na mbuzi wao, na nafasi ikabaki ya kucheza bao. Anayebisha akaupime.

Hewa ya kule ilikuwa nyembamba kama uji wa nyumba ya dhiki. Kwa hiyo kila mtu alipewa kiriba cha ngozi, ndani yake hewa ya nyumbani, akiivuta kwa mrija wa mwanzi. Kila asubuhi viriba vilijazwa kutoka kiriba kikuu, kilichotiwa dawa kisiishe hewa haraka. Na kile kikuu, Jumbe alikifanya mto wake wa kulalia.

Wakaruka siku saba, na siku saba, na siku saba. Wakatua kwenye mchanga mwekundu, baridi inauma meno.

Basi kazi zikaanza. Siku moja walipanda mlima wenye barafu, wakawasha moto, barafu ikayeyuka ikawa mto. Wakashangilia. Ndipo sauti ikatoka chini ya nyayo zao, nzito, ya polepole:

"Nani ananivua kilemba?"

Wote walisikia. Wote wakainama kama watu waliodondosha kitu.

"Jumbe, ardhi imesema," akasema Bi Mize.

"Upepo huo. Nchi hii haina mtu."

Siku nyingine wakachoma mawe, moshi ukatanda mbinguni ili joto lisitoroke. Sauti ikatoka:

"Nani ananifunika uso?"

"Jumbe, ardhi imesema."

"Upepo huo. Nchi hii haina mtu."

Siku ya tatu wakachimba matuta, wakapanda mtama. Sauti ikatoka, safari hii karibu zaidi:

"Nani ananitoboa mgongo?"

 Bi Mize alimtazama Jumbe tu. Jumbe akalamba midomo, akasema kwa sauti ndogo:

"Nchi hii... haina mtu."

Mtama ulipofika magotini, Mashavu akajifungua mtoto wa kike. Akampa jina Kibibi, kwa heshima ya mama yake. Siku ya saba kitovu kikadondoka. Bi Mize akakifunga kwenye pindo la kanga, akipeleke nyumbani. Hajamaliza fundo, Jumbe huyo mlangoni.

"Nipe kitovu, Bi Mize. Kitazikwa hapa."

"Hapa kwa nani?"

"Kwetu. Kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake. Siku mwenyewe akitokea tutamwambia, sisi si wageni, chimba uone."

"Kumbe unajua kwamba yupo."

Jumbe akakohoa.

"Baba," akasema Bi Mize, "nimezika vitovu vya mji mzima, na chako kimo. Kuzika kitovu si kumpa mtoto ardhi. Ni kuipa ardhi mtoto. Kule kwetu ardhi ni mama, tunamjua. Huyu wa hapa unamjua?"

"Maneno ya vikongwe hayo. Asiyetaka arudishe kiriba. Chake, na cha binti yake, na cha huyo mchanga."

Bi Mize akamtazama Kibibi, mrija mdomoni, kifua kinapanda na kushuka. Akatafuta njia nyingine, akaikosa. Basi akachimba kwenye mtama kwa mkono wake mwenyewe, akakizika. Udongo ulikuwa wa moto kama ulimi.

Asubuhi yake mlima ukakaa kitako.

Lilikuwa zimwi. Kichwa kipara, kinachuruzika maji. Macho mekundu kwa moshi. Mgongoni mtama umeota kama upele. Watu wakaanguka kifudifudi wakingoja kuliwa. Halikula mtu.

"Mlinikwaruza," likasema, "nikadhani viroboto. Kiroboto nani humsemesha? Lakini jana mmenipa mtoto. Ahsanteni. Sasa nitamtengeneza, akae vizuri kwangu."

Jumbe akasema akiwa nyuma ya mbuzi, "Kwa ruhusa ya nani?"

"Nilimtazama," likajibu zimwi. "Mdogo, hana meno, hana neno. Nikaona hapana mtu."

Basi siku ya kwanza machozi ya Kibibi yakakauka. Akalia bila tone. Siku ya pili akatema mrija, akavuta hewa ya kule, akacheka. Siku ya tatu akakataa titi la mama yake, akalamba mchanga, na nyayo zake zikawa nyekundu.

"Pakieni ungo!" akapiga kelele Jumbe. Na wa kwanza kupanda alikuwa yeye, kakumbatia kiriba kikuu, ambacho kilishaanza kusinyaa.

Mashavu akapanda na mwanawe. Akamtia mrija kwa nguvu. Hewa ya nyumbani ilipoingia, Kibibi akakakamaa, midomo ikageuka buluu. Bi Mize akamnyakua, akamshusha mchangani. Mtoto akavuta pumzi, akatulia.

"Mama, nabaki," akasema Mashavu.

"Unabaki na nini? Titi halitaki, na kiriba chako hakifiki keshokutwa. Ufe mbele ya macho yake?"

"Nimwache peke yake na lile?"

 Bi Mize alimbeba mtoto mpaka kwenye kidole cha mguu cha zimwi, akavua viatu.

"Hodi, mwenye nchi."

Zimwi likainama.

"Neno hilo," likasema, "hakuna aliyewahi kuniambia. Hujibiwaje?"

"Hujibiwa karibu. Au hujibiwa hapana, na mtu akarudi alikotoka."

"Unataka nini?"

"Nikae na mjukuu wangu. Unitengeneze na mimi. Mimi nina meno matatu na neno ninalo, nimekubali."

"Pumzi yangu husukuma maneno," likasema zimwi. "Kila siku neno moja la kwenu litakutoka, na likitoka halirudi."

"Yatoke tu. Ninayo mengi; mji mzima unanijua kwa mdomo."

"Karibu, basi," likasema zimwi.

Ungo ukaruka. Mashavu alishikwa na mumewe na watu watatu asijitupe. Naye Jumbe alikaa mbele kabisa, akiuliza ile nyota ya manjano ina nani.

Miaka ikapita. Kibibi akakua, akawa mrefu kama kichuguu, kisha mrefu kama kilima. Alimpenda bibi yake, akimbeba begani. Na kila siku Bi Mize alimsimulia habari za kwao, na kila siku masimulizi yakapungua. Leo limetoka neno la samaki. Kesho limetoka neno la mvua. Maneno aliyoyapenda aliyakariri kimoyomoyo asubuhi na jioni, akidhani atayaficha. Hayakufichika.

Siku moja Kibibi akanyoosha kidole juu.

"Bibi, unaiona ile ya buluu? Imelowa yote. Naionea huruma. Nikimaliza kukua nitaenda niikaushe, niitengeneze, iwe nzuri kama hapa. Au kuna mtu kule?"

Bi Mize akashtuka. Alitaka kusema kule yuko aliyekuzaa, yu hai, anakutazama kila jioni. Akamtafuta kwa jina, limetoka. Akamtafuta kwa neno lile fupi ambalo kila mtoto huanza nalo. Lilikuwa limetoka asubuhi ile. Akafungua kinywa, likatoka vumbi jekundu.

Kibibi akangoja. Akangoja tena. Akangoja mara ya tatu. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kukubaliwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kuishinda asimame aseme yake. Kama hayupo, mkalale.

Na funzo lake ni hili: ukifika mahali ukakuta kimya, usiseme hapana mtu. Aliyenyamaza hajakukaribisha.