Picha ya Arafa

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za majini na masultani, ni zamani za juzi tu, watu walipokwisha kuzoea kununua bando kabla ya mkate, paliondokea msichana mjini Tanga akiitwa Arafa.

Arafa alikuwa fundi wa mabaibui. Akimaliza kushona hulitundika baibui kwenye henga, hulipiga picha, huliweka mtandaoni, na wateja huja. Shoga zake walimtania sana. "Arafa, hizi nguo zako huvaliwa na mizimu? Vaa mwenyewe watu wakuone!" Naye hujibu, "Watazame baibui. Uso wangu si kibao cha duka." Wakimuuliza ana siri gani anayoificha, husema hana siri yoyote. "Hata asiyeiba hufunga mlango wa chumbani akivua nguo." Basi walicheka, wakamwacha na ushamba wake.

Siku zikapita, Arafa akaposwa na Khatibu, na siku ya kupambwa ikafika.

Watu wa pwani mnaijua siku hiyo. Ni ya wanawake peke yao. Mabaibui huvuliwa mlangoni, nywele huachiliwa, bibi harusi huketishwa kitini kapambwa kuanzia utosi hadi kidole cha mguu, na mwanamume wa kwanza kumwona vile awe mumewe. Zamani ilitosha kufunga mlango. Siku hizi wanaume elfu huweza kuingia ndani ya mkoba mmoja, kwa hiyo simu zote huachwa mlangoni, ndani ya kapu.

Kapu lile lililindwa na Bi Shufaa, somo wa Arafa, yule aliyemfunda. Bi Shufaa habembelezeki. Hata mamake Khatibu alisalimisha simu yake, uso kaukunja.

Ngoma imekolea, mara simu ya Bi Shufaa mwenyewe ikalia humo kapuni. Alikuwa Mamkubwa Salha, kutoka Maskati. Huyu ndiye aliyemlea Arafa tangu mamake alipofariki, na mwajiri wake alikuwa amemnyima ruhusa ya kuja.

"Shufaa," akalia, "mtoto nimemlea mimi, nywele nimemsuka mimi. Leo kapambwa, nami niko jikoni kwa watu naosha masufuria. Nionyeshe hata kidogo!"

Moyo wa Bi Shufaa ukayeyuka. "Ni mtu mmoja tu," akasema, akaingia na simu kaiinua juu. Arafa akauona uso wa Mamkubwa kwenye kioo. Akacheka, akalia, akainua mkono wenye hina kumpungia. Alifurahi kweli kweli. Hilo lishikeni, tutalihitaji.

Mamkubwa naye, furaha ikamzidi. Kabla simu haijakatwa akaidaka picha, akaiweka kwenye stetasi yake, akaandika: *Mwanangu. Mungu amtunze.* Akachagua wa kuiona, wanawake peke yao. "Ni watu wangu tu," akajisemea, akarudi kwenye masufuria.

Miongoni mwa watu wake alikuwamo Mwanahawa, binamu yake Arafa, aliye Dar es Salaam. Katika ukoo kila mtu ana kazi yake, na kazi ya Mwanahawa ni maonyo. Matapeli wakizuka, yeye hutuma onyo. Nywila zikiibwa, yeye hutuma onyo. Alipoiona picha akajiuliza: Je, ikiwafikia wanaume? Akalikimbilia grupu la ukoo, lenye wajomba, mashemeji na watoto wao, akaandika: *Jamani! Picha hii ya Arafa imevuja! Mkiiona msiifungue, msiisambaze!* Na picha yenyewe akaibandika juu ya onyo, ili watu wajue ni ipi.

Sasa niambieni, ukimwambia mtu asichungulie, hufanya nini? Ukoo mzima ukachungulia.

Kabla ya magharibi picha ilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa mambo ya harusi, imetiwa wimbo na mioyo inayorukaruka. Watu wasiomjua Arafa wakaipima hina yake. Mmoja akasema mashallah, mwingine akauliza hijabu iko wapi, wa tatu akataka kujua gauni limeshonwa na nani. Arafa aliletewa habari angali kitini, na maua kichwani. Akaitaka simu, akaifungua picha, akaitazama. Aliona aibu, kisha akaona hasira, kisha akaomba apewe khanga ajifunike, ingawa chumbani walikuwamo wanawake tu.

Kesho yake nikahi ikafungwa msikitini. Gari la maua likasimama nje. Ada ni kwamba bibi harusi havuki kizingiti cha kwao mpaka watu wameombana radhi. Arafa akafika kizingitini, akasimama.

"Sitoki na kinyongo," akasema. "Aliyenikosea atangulie kuniomba radhi, nimsamehe, niende zangu."

Bi Shufaa akasema, "Mimi nilimwonyesha mama mtoto wake. Mtu mmoja tu. Je, ningemwacha alie?"

Mamkubwa Salha, aliyewekwa mezani ndani ya simu, akasema, "Mimi niliwaonyesha wanawake wenzangu tu. Je, mzazi asijivunie mwanawe?"

Mwanahawa, aliyefika asubuhi kwa basi la kwanza, akasema, "Mimi niliwaonya jamaa tu. Je, ningenyamaza?"

Wanawake wakaingilia. Mmoja akasema picha yenyewe nzuri, ya nini kununa? Mwingine akasema maji yakimwagika hayazoleki. Wa tatu, mamake Khatibu, akasema, "Mbona mwenyewe alipunga mkono? Asiyetaka kuonekana hupungia simu?"

Arafa akainamisha kichwa. Ni kweli, alipunga. Lakini alimpungia Mamkubwa.

Nje, honi ikalia. Ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu ya Arafa, unatoka kwa Khatibu. Akausoma kwa sauti:

"Mke wangu, rafiki zangu wananiletea picha yako tangu jana, kwa hongera. Kwangu ingali kama ukungu, sijaifungua. Nangoja nikuone wewe."

Wanawake wakatazamana, kila mmoja akatafuta pa kuweka macho, kwa maana mle ndani hakuwamo ambaye hakuifungua. Bi Shufaa aliifungua. Mwanahawa aliifungua. Mamake Khatibu aliifungua, akaikuza kwa vidole viwili.

Honi ikalia tena. Arafa kaushika mlango kwa mkono wenye hina, angali anangoja.

Haya, wasikilizaji, msaidieni atoke. Je, nani alistahili kutangulia kuomba radhi? Ni somo aliyelifungua kapu kwa huruma, mlezi aliyeidaka picha kwa mapenzi, au binamu aliyeieneza kwa hofu? Ni Arafa aliyepunga mkono? Au ni wale walioambiwa wasifungue, wakafungua? Na wewe uliyekwisha kuinua kidole ujibu, picha ile ingefika mkononi mwako jana ile, kidole hicho kingefanya nini?