Nyota Zinazopumua na Gego la Fisi

"Hadithi ninayo, niitoe?"

"Itoe, tumekaa kitako!"

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tatu, Mfungo Nne, saa mbili usiku. Saa hiyo ndipo Fisi, mwenyekiti wa ulinzi, alipotangaza mbele ya wanyama wote: "Mwizi wa watoto wa Bi Digidigi tumempata. Ni Komba!"

Jamaa, Komba ni kinyama cha kukaa kiganjani.

"Komba ale digidigi?" akauliza Nyati.

"Kwani humuoni macho? Macho makubwa, tamaa kubwa! Kesho alfajiri atoke mkuyuni, yeye na wanawe."

Komba hakulia. Alichukua pande la nyama, akalipaka utomvu, akabandika vimulimuli, akaliacha mlangoni pa Bi Digidigi. Waka-zima, waka-zima. Na zamu ya ulinzi ilikuwa ya nani? Ya mwenyekiti.

Kidogo tu, nyaku! nyama ikabebwa gizani. Mbio, tititi! Vimulimuli wakadondoka njiani, mmoja huku, mmoja kule.

Komba akapiga yowe. Wanyama wakaja. Fisi naye akaja, akihema. Huko nyikani zikaonekana taa: ya kwanza kali, ya pili hafifu, ya tatu hafifu zaidi.

"Vidudu vidogo hivyo, viko papo hapo," akasema Fisi, kiganja mdomoni kama mwenye adabu. "Tukalale."

"Mzee Mwenyekiti, tazama juu," akasema Komba. "Zipo nyota zinazopumua: zavimba, zanywea, zavimba, zanywea. Ni za ukoo mmoja, nguvu yao moja. Ukiona moja hafifu, si ndogo, iko mbali. Wapima nyota walizifuata hivyo hadi viungani mwa mji wetu wa nyota, yaani galaksi yetu. Wakakuta nini? Makombo! Michirizi ya nyota za miji midogo ambayo mji wetu uliimeza. Tumbo lilinyamaza, makombo yakasema."

"Ya mbinguni yanatuhusu nini sisi?" akadakia Fisi.

"Vimulimuli nao ni ndugu, taa zao sawa. Hafifu ni mbali. Twendeni."

Wakaenda. Kila taa waliyoifikia ilikuwa kali kama ya kwanza. Wakaenda, wakaenda. Ya mwisho iliwaka mlangoni pa pango la Fisi. Ndani mlikuwa na kwato ndogondogo. Bi Digidigi akazitambua, akakaa chini.

"Si mimi!" Fisi akapayuka, akasahau kiganja. Kwenye gego: waka-zima, waka-zima.

Nyati hakungoja kikao. Puu! Fisi akaaga uenyekiti na dunia kwa pamoja. Komba akarudi mkuyuni kwa wanawe.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Funzo lake ni hili: kiongozi akila watoto wa watu, apige mswaki.

Ee Mola, wapokee watoto wa Bi Digidigi, uwalaze pema peponi, na mama yao umpe subira. Amin.