Mtoto wa Lwangalo Aitwe Nani?

Sogeeni karibu. Nina kesi imenishinda, nataka mnisaidie.

Katika hospitali ndogo ya Lwangalo, huko kwenye mashamba ya chai, walikuwepo wanawake watatu. Tusekile, muuguzi, alikuwa na jicho kali: herufi moja ikikaa vibaya, anaiona. Subilaga wa maabara alikuwa mwepesi wa mkono. Wengine wakianza kuulizana, yeye keshatenda. Na Bupe wa masjala alikuwa na subira, hachoki wala haharakishwi.

Siku moja akaletwa Sekela, mjamzito, moyo unamwenda mbio na pumzi hana. Daktari Ambokile akaona itabidi ampasue amtoe mtoto. Akapiga picha za moyo, akazituma kwa bingwa aliyeko Dar es Salaam.

Bingwa akapiga simu. "Nitakuandikia barua pepe kabla sijapanda ndege. Usimpasue kabla hujaisoma." Kisha simu yake ikawa haipatikani.

Wakasubiri. Ikaingia barua: "Sanduku lenu la barua pepe linafungwa leo. Bonyeza hapa, weka neno la siri." Daktari akashtuka, akaanza kuandika. Tusekile akamdaka mkono.

"Acha, Daktari! Tazama anwani. Penye herufi o wameweka sifuri. Hawa ni wezi!"

Angemaliza kuandika, sanduku zima lingekuwa mikononi mwao.

Kumbe wezi walewale walikuwa wametuma barua nyingine kwenye duka la dawa la hospitali, yenye kiambatisho, na mtu akakifungua. Kilikuwa kirusi. Mafaili yakaanza kujifunga, na kompyuta zote za hospitali zilikuwa kwenye mtandao mmoja. Subilaga, aliyekuwa amefuata vifaa pale, hakumuuliza mtu. Aliung'oa waya wa mtandao mpaka plasta ikabanduka.

"Unavunja ukuta!" mtu akafoka.

"Ukuta utazibwa."

Kirusi kikaishia humo humo. Kingefika kwa daktari, kompyuta inayopokea barua ingekufa.

Sekela akazidi kulegea, na barua haijaonekana. Sanduku limefurika matangazo ya bahati nasibu na ya dawa za kuotesha nywele.

"Bupe, futa taka zote, zinatuchelewesha," daktari akaagiza.

"Sifuti. Barua yenye picha nzito huweza kutupwa humo kimakosa. Niache nitafute."

Akapitia majina ya watumaji mstari kwa mstari, bila kufungua barua ya asiyemjua, huku akimsikia mgonjwa akihema kwa shida chumba cha pili. Hakuruka hata mstari mmoja. Mwisho akaliona jina la bingwa, katikati ya takataka.

Bingwa alikuwa ameandika kwamba sindano ya usingizi waliyoizoea ingemuua Sekela, watumie nyingine. Wakaitumia, wakampasua. Mama akapona, na mtoto wa kike akalia kwa nguvu.

Lusajo, mume wa Sekela, akasimama na mtoto mikononi. "Nataka aitwe jina la aliyemwokoa."

Tusekile akasema, "Bila mimi, barua ingesomwa na wezi."

Subilaga akasema, "Bila mimi, isingesomwa na yeyote."

Bupe akasema, "Bila mimi, tungeifuta wenyewe."

Lusajo akamgeukia mkewe. Sekela akawatazama wote watatu, akampokea mtoto, akamweka kifuani.

Basi mtoto ananyonya, na jina bado hana. Wewe uliyenisikiliza, ungempa jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama usoni uwaambie nini?