Pimbi na Kijeba wa Mashindano

Hodi, hadithi.
*Karibu, hadithi.*
Ikae wapi?
*Ikae katikati yetu.*

Basi sogeeni, na mwitikie kwa sauti ndogo, maana mtoto amelala.

Zamani wanyama wa nchi nzima walikuwa na mashindano ya vijana. Vijana wa mtoni walikuja na timu yao ya kuogelea. Vijana wa mbugani walikuja na timu yao ya mpira. Vijana wa msituni walikuja na timu yao ya kuvuta kamba, na ngoma juu, pu-pu-pu, pu-pu-pu. Kilima cha Mawe kilimleta Pimbi, peke yake.

Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe, hana mkia. Alipokuwa anaondoka, mama yake alimwambia, "Mwanangu, kilima chetu hakuna anayekijua. Ukishinda mbio, watakitaja kwenye kipaza sauti."

"Sawa, mama," Pimbi akasema. Akabeba godoro lake, akaenda.

Kambini walilala madarasani. Darasa la mtoni lilijaa, darasa la mbugani lilijaa, darasa la msituni lilijaa. Pimbi alipewa darasa zima, yeye na godoro lake. Akikohoa, kuta zinakohoa naye.

Jioni ya kwanza akaketi na sahani yake ya ugali na maharage. Hakuna aliyekaa karibu naye. Halafu akaja Fisi, mkimbiaji wa mbugani, akaketi ubavuni pake, puu.

"Mambo, mdogo wangu."

"Shikamoo," Pimbi akasema, kwa sababu ndevu za Fisi zilikuwa nyeupe.

Fisi akatazama huku na huku. "Usiniamkie. Mimi na wewe rika moja. Hicho unakula?"

"Ndiyo, ninaku..."

Kafu, kafu, kafu. Sahani ikawa tupu.

Fisi alikuwa kijeba, yaani mtu mzima aliyejipenyeza kwenye mashindano ya watoto. Kila asubuhi alizipaka ndevu zake masizi, na kila jioni jasho lilikuwa limeyaosha.

Jioni iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Mambo, mdogo wangu. Shikamoo. Usiniamkie. Kafu, kafu, kafu. Na iliyofuata, hivyo hivyo. Akishiba, Fisi hujinyoosha na kumwuliza Pimbi habari za kwao, na Pimbi hujibu, kwa sababu hakuna mwingine aliyemwuliza.

Ikafika siku ya kuamkia fainali ya mbio. Fisi naye alikuwa kwenye fainali ile. Miguu ya Pimbi ilitetemeka kwa njaa. Akawaza, "Nikikimbia hivi, kilima chetu hakitatajwa."

Akaenda jikoni kwa Mama Kanga, mpishi. Akamsaidia kuosha masufuria, akamnong'oneza neno. Kisha akaenda kwa Korongo, mwamuzi mkuu.

"Bwana Mwamuzi, leo njoo ule nasi."

"Mimi huwa nakula peke yangu."

"Na mimi pia. Basi leo tuwe wawili."

Jioni, Korongo akiwa ameketi karibu na Pimbi, Mama Kanga akagonga mfuniko, ng'wa, ng'wa, ng'wa. "Leo kuna nyama. Wenye watoto, waje wachukue ubavu."

Vijana wakacheka. Nani ana watoto hapa? Fisi akameza mate, glu. Akanyoosha mkono kidogo.

"Ninao," akasema polepole.

"Sikusikii, baba."

"Nina watoto." Akapewa ubavu. Kafu.

"Wenye wajukuu, paja."

"Ninao. Tena wengi." Kafu, kafu.

"Wenye vitukuu, sufuria nzima na mifupa yake."

"Leta sufuria, mama. Kitukuu wangu wa kwanza ameshaoa. Mimi nimekimbia mashindano haya kabla huyu Korongo hajaanguliwa."

Korongo akapuliza filimbi, piii.

"Shikamoo, babu," akasema.

"Marahaba," Fisi akajibu, mdomo umejaa.

"Chukua godoro lako, urudi kwa vitukuu."

Fisi akatoka na godoro kichwani. Akasimama mbele ya Pimbi. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Haya. Vijana wa kwetu hawapendi kukaa na mzee. Ndiyo maana nilikuwa nakuja kwako." Akafikiri kidogo. "Na ugali pia."

Akaenda zake.

Asubuhi Pimbi akakimbia, puru-puru-puru, akawa wa kwanza. Kipaza sauti kikasema, "Mshindi ni Pimbi, wa Kilima cha Mawe."

Hakuna ngoma iliyolia. Kila timu ilikuwa inamtafuta wa kwao. Mmoja akauliza, "Ndiyo wapi huko?" Kisha akatajwa wa pili, kijana wa msituni, na ngoma zikalia, pu-pu-pu, hata vumbi likapanda.

Jioni Korongo alikuwa ameshaondoka na filimbi yake. Pimbi akaketi na sahani imejaa. Akala nusu. Nusu akaisogeza pembeni, akangoja. Maharage yakapoa, yakaganda juu. Hakuna aliyekuja kuyala.

Funzo lake ni hili: mtoto mwenye adabu akimkuta mzee anamlia chakula, amwache ale. Mbio zipo kila mwaka, na njaa huisha ukilala.

Hadithi inaaga.
*Isiende peke yake.*
Nani anaisindikiza?
*Sisi wote, mpaka kwao.*