Mwenye Mavi ya Chuma

Kila mara tajiri Mwinjuma alipoyeyusha chuma, tanuri lilibakiza makapi meusi, magumu kama mawe, ambayo watu huyaita mavi ya chuma. Aliyarundika miaka ishirini, mpaka rundo likaporomoka na kukifukia kisima cha mji. Watu walipokwenda kulalamika, Mwinjuma aliziba pua.

"Changu mimi ni chuma. Mavi hayana mwenyewe!"

Bi Kidawa, mjane mwenye ulimi wa asali, akajizolea mikokoteni sita ya makapi yale, akajengea nyumba. Masika yakaja yakaangusha nyumba za udongo mtaa mzima, yake ikabaki imesimama wima. Mwinjuma kuiona tu, akakimbilia barazani kwa jumbe wa mji.

"Nyumba ile ni yangu! Imejengwa kwa mavi yangu!"

"Hasha, bwana mkubwa," alisema Kidawa kwa unyonge. "Mtu wa heshima zako awe na mavi? Pengine ni ya mhunzi mwingine."

"Mhunzi gani? Ni yangu!"

"Ya ukutani, labda. Ya kisimani sidhani."

"Ya ukutani, ya kisimani, kila kipande! Naapa mbele ya jumbe, mavi yote ya mji huu ni yangu!"

Jumbe akawageukia watu. "Mmesikia. Mwenye mavi ndiye mzoaji."

Kidawa akatoa koleo la kuzolea alilokuja nalo, akamkabidhi Mwinjuma kwa mikono miwili.

"Anzia kisimani, bwana. Ukifika kwangu, piga hodi."