Kiboko Aliyekalia Mlango wa Mganga

Mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Mawili mawili!
Yategeni, nina ngano ya mtoni.
Imwage tuinywe!

Hapo kale Kiboko alikuwa na mtandao wa waganga kumi na wawili, na dawa moja. Unaumwa tumbo? Matope. Unaumwa jino? Matope. Huumwi kitu? Matope, ya kujikinga. Kila asubuhi mpiga mbiu wake, ndege Hondohondo, alipita shimo kwa shimo, mgonjwa awe amelala au anakata roho: "Huuu! Huuu! Njooni kwa Kiboko! Nungunungu kafunga! Huuu!"

Nungunungu ndiye mganga pekee aliyekataa kujiunga na mtandao. Na kweli alikuwa kafunga, maana Kiboko alikuwa amekalia mlango wa shimo lake. Amekaa, pwaa! Huko chini Nungunungu anagonga, ko ko ko, na Kiboko anasema, "Ah, tumbo langu hilo."

Sasa, Mama Nguchiro aliota jipu shavuni. Jipu likavimba, likafunga jicho moja, likaanza kulinyemelea la pili. Akapakwa matope siku tatu. Jipu likanenepa! Dawa yake ilikuwa moja tu: mwiba wa Nungunungu, upasue, usaha utoke.

"Mwanangu," akasema, "kesho sitakuona."

"Utaniona, mama, mpaka utanichoka," akajibu bintiye Nguchiro, mwembamba kama mwiko. Akatoka mbio, tiki tiki tiki, mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko!"

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

"Nimeleta ushuhuda, Mzee. Tangazo bila ushuhuda si kelele tu?"

Kiboko akapanua mdomo kwa furaha, waa! "Hondohondo, sogea uchukue maneno! Sema, binti, dawa yangu imekufanyia nini?"

"Makubwa! Mimi, Mzee, nilikuwa kiboko."

"Kiboko?"

"Kiboko mzima, wa kukalia milango ya watu. Nikakaa kwenye matope yako. Sasa nitazame! Mwepesi, napita popote!"

Hondohondo akaruka juu. "Huuu! Alikuwa kiboko! Huuu! Matope yamemponya!"

Kiboko akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Eti... hiyo ilianzia wapi?"

"Mkiani, Mzee. Ulinywea."

Kiboko akageuka atazame mkia wake. Shingo ikagoma. "Hondohondo, mkia wangu ukoje?"

"Mdogo, Mzee."

"Yakafuata masikio," akasema Nguchiro.

"Masikio yangu je?"

"Madogo, Mzee."

"Halafu miguu."

"Hondohondo!"

"Mifupi, Mzee."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Kwani uliniagiza nitangaze?"

"Mama, nakwisha! Nileteeni mganga!"

"Unao kumi na wawili, Mzee," akasema Nguchiro.

"Mganga wa kweli!" Akainuka, akakimbia porini, pu! pu! pu! kumtafuta Nungunungu, amesahau alimkalia mwenyewe.

Mlango ukabaki wazi. Nungunungu akatoka, miiba yote imelala upande mmoja. Nguchiro akamvuta mpaka kwa mama. Tuu! Jipu likapasuka. Mama akafungua jicho la kwanza, akafungua la pili, akasema, "Mbona umekonda?"

Jioni Kiboko akarudi akihema, akapanga foleni kwa Nungunungu, nyuma ya vyura. Akachomwa mwiba mmoja wa makalio.

"Sasa nitakua?"

"Ukisimama," Nungunungu akamwambia. "Ukikaa tu, unanywea."

Tangu hapo Kiboko hakukalia tena mlango wa mtu. Wanyama wakataka iwekwe sheria: mpiga mbiu asitangaze kwamba mganga kafunga kabla ya kumuuliza mganga mwenyewe. Wale waganga kumi na wawili wakasimama pamoja, matope yakiwadondoka, wakasema sheria ya nini, mambo si yamekwisha?

Hapo ndipo nilipoachana nao nikaja kwenu.

Na funzo ni hili, ndugu zangu: matangazo ya waganga hayahitaji sheria hata moja. Kila mgonjwa azae tu mtoto mwongo, mwenye mbio, halafu alibembeleze jipu lisubiri.